Kinoe Kisu Kabla Hujamlaza Mnyama

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Najua ulitarajia nizungumze juu ya Laylatul Qadr au Zakatul Fitr. Masheikh wetu wapo na wanatutosheleza kwa hayo, alhamdulillah. Mimi ni mwanafunzi tu wa chuo kikuu, nimekuja nyumbani likizo, na kilichonileta mbele yenu leo ni jiwe. Ndiyo, jiwe la kunolea kisu, kinoo. Usicheke kwanza. Ukimaliza kunisikiliza, kama bado unataka kucheka, cheka.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mtu akisimulia aibu ya mwenzake anaingia katika kusengenya, na sisi tumefunga.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nyinyi mnajua hali yetu hapa Kisii na Nyamira. Sisi Waislamu ni wachache, tumetawanyika, nyumba moja hapa na nyingine kule ng'ambo ya kilima. Lakini jirani zetu Wakristo wana heshima moja kubwa sana. Wakiwa na sherehe, iwe harusi, mahari au matanga, wanamtafuta Mwislamu aje achinje, ili mgeni yeyote akifika ale bila wasiwasi. Siku hiyo mzee mmoja jirani yetu alikuwa anapokea wakwe. Baba hakuwepo. Nikaitwa mimi. Nikaenda nimevimba kichwa, nimevaa kofia safi, nikijiona sheikh.

Kisu sikwenda nacho. Nilipewa kisu cha jikoni cha pale pale. Nikakipitisha mara tatu nne kwenye ngazi ya saruji ya mlango, nikasikia kinalia, nikadhani tayari. Mbuzi akalazwa, nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikavuta. Kisu kikateleza juu ya ngozi. Nikavuta tena, nikakandamiza. Ndugu zangu, sitaki kueleza yaliyofuata mbele ya watoto. Itoshe kusema kwamba yule mbuzi alichukua muda ambao hakustahili kuuchukua, na alilia kilio ambacho mpaka leo nakisikia.

Watu walinyamaza. Yule mzee akanitazama, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi huwaita nyinyi kwa sababu nilisikia dini yenu inamhurumia mnyama."

Hakuongeza neno. Afadhali angenipiga kofi.

Dini imesemaje juu ya kisu

Nilikwenda kwa ustadhi wangu wa madrasa nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Arubaini Nawawi umehifadhi?" Nikasema nimehifadhi. "Ya 17 inasemaje?" Nikaisoma yote kwa Kiarabu, bila kosa. Akaniambia: "Basi umeihifadhi kwa ulimi, mkono wako haujaisoma."

Hadithi hiyo, ndugu msomaji, ameipokea Shaddad bin Aws (R.A.) na imo katika Sahih Muslim. Maana yake ni kwamba Allah amefaradhisha wema katika kila kitu. Hata katika kuchinja inatakiwa tuchinje vizuri, na kila mmoja wetu anoe kisu chake, ampumzishe mnyama wake. Tazama vizuri. Kunoa kisu kumetajwa kwa jina, kumewekwa chini ya mlango wa ihsani. Si jambo la mpishi peke yake.

Iko nyingine katika Sahih Muslim, kutoka kwa Mama Aisha (R.A.). Mtume (S.A.W.) alitaka kuchinja kondoo dume mwenye pembe. Akamwagiza Mama Aisha amletee kisu, kisha akamwambia akinoe kwa jiwe. Akakinoa. Ndipo Mtume akakichukua kisu, akamshika mnyama, akamlaza, akachinja. Angalia huo mpangilio: jiwe kwanza, kisu pili, mnyama mwisho. Na anayenoa hapo ni nani? Ni mama wa waumini, nyumbani kwake. Kwa hiyo dada zangu, mambo haya si ya wanaume pekee.

Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume alimpita mtu aliyemlaza mnyama wake, huku ananoa kisu na mnyama anamtazama. Akamkemea, akamuuliza kwa maana ya kwamba, je, unataka kumuua mara mbili? Kwa nini hukunoa kabla ya kumlaza?

Masheikh wa madhehebu yetu ya Kishafi nao wanatuambia kwamba katika kuchinja lazima zikatwe njia ya pumzi na njia ya chakula, na ni sunna kukata na ile mishipa miwili ya damu ya pembeni. Wanaonya pia kwamba kisu butu kabisa, kinachokata kwa nguvu za mkono na si kwa makali yake, hakifai kuchinjia. Kwa hiyo suala la jiwe linaweza kufika mpaka kwenye sahani yako.

Jiwe letu la Tabaka halinoi

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Sisi watu wa huku tuna jiwe linalojulikana dunia nzima. Jiwe la Kisii, linalochimbwa Tabaka kule Mugirango Kusini, linachongwa vinyago, vikombe, sahani za chesi, na linasafirishwa mpaka Ulaya na Marekani. Mimi kwa ujinga wangu, baada ya ile aibu, nilichukua kipande cha jiwe hilo nikaanza kunolea kisu. Nikasugua nusu saa. Kisu hakikupata makali, lakini jiwe likapata mfereji.

Ustadhi alicheka mpaka akatoa machozi. "Wewe," akasema, "pale Tabaka kisu ndicho kinachokula jiwe. Hujaona mafundi wakichonga kwa panga na kisu? Unataka jiwe linalokula kisu."

Hapo ndipo penye siri yote. Kunoa si kingine ila kitu kigumu kukwangua kitu laini kidogo kuliko chenyewe. Mwaka 1812 mtaalamu wa Ujerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kwa ugumu kutoka 1 mpaka 10. Namba 1 ni ulanga, ambao unaukwaruza kwa ukucha. Namba 10 ni almasi. Chuma cha kisu kizuri kinakaribia 6. Kwatzi, ambayo ndiyo chembe nyingi za mchanga wa kawaida, ni 7. Kwa hiyo jiwe lenye kwatzi linaweza kunoa chuma, na jiwe laini kama la Tabaka haliwezi hata ukeshe.

Ndiyo maana wazee wetu walinoa kwa mawe magumu ya mtoni na wakafaulu. Na ndiyo maana ile ngazi ya saruji nayo ilikwaruza kisu changu, kwani saruji ina mchanga ndani. Ila mchanga wake ni chembe kubwa na ndogo zimechanganyika, tena uso hauko sawa. Unakitoa kisu kikiwa na mapengo mapengo kama msumeno. Kisu cha namna hiyo kinararua, hakikati. Kwa mbuzi wa watu, hayo ni mateso.

Ukienda dukani

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi pale Kisii mjini, Keroka au Nyamira utakuta zaidi lile jiwe la mstatili lenye pande mbili, upande mmoja mkwaruzo na mwingine laini. Mengi yametengenezwa na binadamu kwa silikoni na kaboni, kitu kinachoitwa kaborandamu. Alikigundua Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891, akiwa anatafuta namna ya kutengeneza almasi bandia. Almasi hakuipata, akapata kitu cha ugumu wa zaidi ya 9. Wakati mwingine Mungu anakunyima ulichoomba anakupa kinachofaa watu. Mengine yametengenezwa kwa oksidi ya alumini, ambayo nayo ni ngumu kama 9. Yote mawili yanatosha kabisa kwa kisu cha nyumbani.

Basi kabla hujatoa pesa, fanya haya.

Kwanza, tazama urefu. Jiwe la sentimita 15 mpaka 20 linakuruhusu kuvuta kisu chote. Vijiwe vidogo vinakufanya unoe vipande vipande.

Pili, weka rula juu yake uangalie mwanga. Kama katikati pamebonyea, liache. Jiwe lililobonyea linaharibu makali.

Tatu, ligonge kidogo kwa kucha. Lenye ufa hutoa mlio uliokufa.

Nne, uliza namba. Namba hiyo ni ukubwa wa punje. Wengi hukosea hapa, wanadhani namba kubwa ndiyo inakwaruza zaidi. Ni kinyume. Kadiri namba inavyopanda ndivyo punje inavyokuwa ndogo. Kuanzia 120 hadi 400 ni la kurudisha kisu kilichokufa au chenye mapengo. Karibu na 1000 ni la kazi ya kila siku. Kuanzia 3000 kwenda juu ni la kulainisha makali mpaka yakate bila kuvuta. Ukiwa na uwezo wa jiwe moja tu, chukua la pande mbili, anza na upande mkwaruzo, malizia na laini. Usinunue la bei kubwa kwa kujionyesha. Kuna watu huko Japani na Ubelgiji wanachimba mawe ya asili ya thamani kubwa, lakini mbuzi hajui bei ya jiwe. Anajua makali.

Na kama huna hata shilingi? Mama, geuza kikombe cha udongo chini juu. Lile duara la chini lisilong'aa ni gumu kuliko kisu. Pitisha kisu taratibu, utakata nyanya zako za kachumbari na futari itakuwa tayari kabla ya adhana.

Jinsi ya kunoa

Ustadhi alitoa jiwe lake. Alikuwa amelifunga kwa kitambaa kama mtu anavyofunga msahafu. Akanikalisha kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri. Aliyonifundisha ni haya.

Tia jiwe maji. Maji yanabeba unga wa chuma usizibe matundu. Kama ni lile linalokunywa maji, liloweke dakika 10 mpaka mapovu yaishe. Wengine hutumia mafuta, si vibaya, lakini ukianza na mafuta endelea na mafuta, kwani jiwe likishanywa mafuta hukataa maji. Wako pia wanaotema mate. Huo si uungwana, na mchana wa Ramadhani hayo mate yenyewe unayatoa wapi?

Weka jiwe juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Sasa kisu kikae kwa mwinamo wa digrii kama 20. Huna kipimo? Chukua karatasi yenye kona sawasawa, hiyo ni digrii 90. Kunja kona nusu, ni 45. Kunja tena nusu, ni 22 na nusu. Kisimamishe hicho kikunjo pembeni ya jiwe, inamisha kisu kifuate hapo. Panga na jembe yanataka mwinamo mkubwa zaidi, kwani yanapiga vitu vigumu, na makali membamba yangevunjika.

Sukuma kisu kutoka shina mpaka ncha, bila kubadilisha mwinamo. Usikandamize. Hapo ndipo vijana tunaposhindwa, tunataka nguvu. Jiwe halihitaji nguvu zako, linahitaji mkono usioyumba. Haraka haraka haina baraka.

Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole uhisi kitu kinakwaruza, uzi mwembamba wa chuma uliopinda. Papasa kutoka mgongoni kwenda nje, usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Huo uzi ni ushahidi kwamba umefika mwisho. Kabla haujatokea, hujanoa, umesugua tu. Ukitokea, geuza upande wa pili, fanya vile vile. Kisha hamia upande laini wa jiwe, punguza mkono, badilishana pande mpaka uzi uondoke. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya mshipi wa ngozi mara kumi hivi.

Jaribu kwa karatasi ya gazeti. Kikikata bila kukwama mahali popote, tayari. Kikikwama, hapo pana pengo, rudi. Kisha osha kisu na jiwe kwa maji safi, maana ule unga mweusi ni chuma na mawe, haufai kuingia kwenye chakula.

Wanoaji wa barabarani, tupa, na chuma cha bucha

Utaniuliza: si kuna yule jamaa wa baiskeli mwenye cherehe anayezunguka mitaani? Yupo, na kazi yake ni halali na tunamheshimu. Kwa panga lililokufa, mpe. Lakini kwa kisu cha kuchinjia angalia jambo moja, nalo ni joto. Cherehe, hasa ile ya umeme, inatoa cheche. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, chuma kimefika karibu digrii 300 za joto, ugumu wake umekwenda. Kitakata leo, kesho butu. Mwombe akichovye kwenye maji kila mara, na ukifika nyumbani kipitishe kwenye jiwe.

Tupa nayo ni ya jembe na panga. Na kile chuma cha mviringo unachoona bucha, mwenye bucha anakipigapiga kisu chak chak, hicho kwa kawaida hakinoi. Kinanyoosha makali yaliyolala. Makali yakishaisha, hata ukipige mpaka Magharibi hakisaidii.

Ndugu zetu wa Kebirigo na kwingine kwenye majani chai wanayajua haya kuliko mimi. Msimu wa kupogoa, mtu anakwenda shambani na kisu na kijiwe mfukoni. Anajua kwamba tawi lililokatwa safi linapona, na lililoraruliwa linaingiza maradhi. Basi ikiwa mti wa chai tunauonea huruma hivyo, mnyama mwenye roho je?

Ninachokuomba

Sitaki uondoke hapa na elimu tu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi katika Uislamu tunaongeza kwamba mwenye kisu kikali ndiye mwenye huruma.

Siku za mwisho za mwezi huu, kabla ya Idd, kina mama wengi watakuwa wanahangaika na vitunguu vya sambusa kwa visu butu. Kisu butu kinataka nguvu, kinateleza, na ndicho kinachomkata mtu kidole. Vijana, tununue mawe mawili ya chama, gharama yake tukichangishana hatutaihisi. Jumamosi moja tuzunguke, tuanze na nyumba za wajane na wazee, Waislamu na wasio Waislamu, tunoe visu vyao bure. Hiyo ni sadaka isiyohitaji tajiri.

Na wewe unayeitwa kuchinja, beba kisu chako mwenyewe. Kiwe kirefu, kisicho na meno, kisichotumika kukatia kamba wala kufungulia makopo. Kinoe usiku wa kuamkia, mbali na macho ya mnyama. Usimchinje mmoja mwingine akitazama.

Nimalizie na yule mzee. Nilikaa mwaka mzima sijapita mbele ya nyumba yake ila kwa kuinamisha kichwa. Kila wiki nilikuwa nanoa, visu vya nyumbani, vya shangazi, vya jirani. Siku moja akanitumia mjukuu wake. Nikafika, nikamwamkia. Akaniambia: "Kesho kutwa nina wageni. Nataka uchinje wewe."

Nikamwambia: "Mzee, si uliona mwenyewe?"

Akasema: "Niliona. Na nimesikia pia kwamba siku hizi unanoa visu vya mtaa mzima. Ndiyo maana nimekuita leo, sikungoja kesho kutwa. Njoo na jiwe lako."

Nilinoa usiku ule. Asubuhi ya siku yenyewe nilivuta mara moja, nikarudisha mara moja, na mbuzi hakulia. Mzee hakunisifu. Alinipa maji ya kunawa mikono, kwa mkono wake mwenyewe.

Allah atutakabalie saumu zetu, atujaalie ihsani katika makubwa na madogo, na atufikishe Idd salama. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.